Feni Iliyojiwasha

Siku ya kwanza kuendesha peke yake tangu amzike mkewe, gari la Mzee Nyange lilichemka barabarani, likavutwa mpaka gereji. Fundi Kombo aliinua boneti, akainama, akatikisa kichwa.

"Sensa ya joto imekufa zamani, mzee wangu. Feni ulikuwa unaiwashaje?"

Nyange akamwonyesha swichi ndogo mbele ya kiti cha abiria. Miaka yote hiyo mkewe, Mwanasiti, ndiye aliyeuchunga mshale wa joto. Ukipanda, aliibonyeza huku akiendelea na habari zake za majirani. Nyange aliendesha tu.

Fundi akafunga sensa mpya, akaing'oa swichi.

"Sasa huhitaji mtu. Maji yakipata moto, sensa inaipasha habari kompyuta, kompyuta inawasha feni yenyewe."

Wakaliacha gari lingurume. Mshale ukapanda, na kwa mara ya kwanza Nyange akautazama. Ulipokaribia juu, mkono wake ulinyooka wenyewe hadi kwenye tundu la swichi. Feni ikavuma kabla hajaligusa.

"Umeona?" fundi akachangamka. "Haya, endesha tukalijaribu."

"Endesha wewe, mwanangu."

Akazunguka, akaketi kwenye kiti cha mkewe. Kilikuwa kimesogezwa mbele sana, kumfaa mtu mfupi, na magoti yake yakagota kwenye dashibodi. Fundi akainama ili akirudishe nyuma.

Mzee akamshika mkono.

"Kiache hapo hapo."