Mtoto wa Gari la Petroli

Siku hizi, wanangu, ukinuka petroli unachukuliwa na wakaguzi, na gari lako linapondwa. Sasa juzi mkamwana wangu Riziki kashikwa uchungu, gari la umeme halina chaji, mie nifanyeje? Nikalitoa la zamani nililolificha bandani. Mtoto akazaliwa humo humo, njiani. Tukamwogesha, tukamfukiza udi mpaka tukakohoa.

Leo kaja Salha, mkaguzi wa mtaa.

"Shikamoo babu, nimekuja kumwona mgeni."

"Marahaba, mwanangu. Kalala lakini."

"Simwamshi. Mtoto mmoja udi wa harusi nzima, babu?"

Tukacheka. Akamnyanyua, akamnusa utosini, kama watoto wote wanavyonuswa. Akamnusa tena.

"Kazaliwa wapi huyu?"

Riziki akanyoosha mikono ampokee mwanawe. Salha hakumwachia.