Jirani wa Kila Nyumba

Kwa miaka thelathini, Mwanakombo Shee aliigiza jirani mmbeya katika vichekesho vya runinga, na hakuwahi hata siku moja kuwa mhusika mkuu. Hakujali. Huko sokoni Tanga, watu walianza kucheka kabla hajafungua kinywa.

Alipostaafu, Bi Kidawa, yule jirani aliyemwigiza, hakustaafu. Siku hizi mhusika akipendwa huachwa aendelee peke yake: huingia katika runinga ya kila nyumba, akazungumza na wenyeji kwa majina yao, kwa sura na sauti ya mwigizaji wake. Mwanakombo alijivunia jambo hilo.

Jumamosi moja alikuwa barazani akipepeta mchele, akamsikia binti yake Raya huko ndani.

"Bi Kidawa, nina mimba ya miezi miwili. Wewe ndiye wa kwanza kujua."

"Wa kwanza?" ilijibu sauti ya Mwanakombo mwenyewe. "Mamako umemweka wapi, we mtoto? Hebu nenda kamwambie!"

Jibu lile lilimridhisha. Naye angesema vivyo hivyo.

Raya akatoka, akaketi kando yake, akamweleza. Mwanakombo akautupa ungo, akapiga vigelegele mpaka mtaa mzima ukachungulia, akamkumbatia mwanawe huku machozi ya furaha yakimtiririka.

"Mama nawe!" Raya akacheka. "Yaani umefanya kama Bi Kidawa hasa!"

Mwanakombo naye akacheka, ila alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga, asije akacheka kama yule.