Punje Uani kwa Mbaruku

Mbaruku, muuzaji wa mashine kuukuu, alikuwa na mbili za kupandia mahindi uani kwake: moja fundi wake aliipaka rangi nyekundu jana tu, nyingine imeliwa na kutu. Bi Sikudhani alipoingia na kifuko cha mahindi, akamwonyesha ile nyekundu.

"Chukua hii, mama. Tazama inavyong'aa!"

"Ng'ombe hawali rangi, baba. Kipupwe kilichopita wanne walinifia kwa njaa. Mwaka huu nawapandia mahindi, wayale yangali mabichi."

Akatia punje katika ile nyekundu, akaikokota mwenyewe mpaka ukutani. Kisha akarudi ameinama, akifukua udongo kwa kidole. Hapa punje tatu zimerundikana, pale shubiri tano hamna kitu. Akaikokota ile yenye kutu, akapima tena. Kila shubiri, punje moja. Na kila punje aliyoifukua aliifukia tena polepole, kana kwamba yuko shambani kwake.

Mbaruku, aliyezoea kusifia bidhaa zake, akaisukuma kando ile nyekundu. Akamsaidia tu kuifunga ile yenye kutu nyuma ya mkokoteni aliokuja nao.

Siku kumi baadaye, baada ya mvua, alifungua lango akakuta, pale ilipopita ile yenye kutu, mstari wa mahindi machanga umenyooka uani kama uzi. Nyuma yake lori lililoleta mashine nyingine likapiga honi. Mbaruku akageuka, akasimama katikati ya lango, akatandaza mikono kulizuia lisiingie.