Makeke na Visamaki Sita

Alikuwepo, na huenda bado yupo, samaki mmoja aitwaye Makeke, binamu wa mbali wa sato, mwenye asili ya mito ya Amerika ya Kati. Aliishi kwenye tangi la kioo pamoja na visamaki sita waliorandaranda kutwa nzima, na kazi yake ilikuwa kuwang'ata mikia.

"Tangi hili ni langu," alisema.

Mwenye tangi, Bi Zamzam, akachoka na ugomvi, akawahamishia visamaki kwenye ndoo.

Siku hiyo Makeke hakutoka ndani ya chungu kilichowekwa mle tangini, alimozoea kulala. Wala siku ya pili. Chakula kilizama mbele yake, akakitazama tu.

"Mbona hutoki, mkubwa?" akamuuliza konokono mmoja aliyeganda kwenye kioo cha tangi.

"Nitajuaje kama nje ni salama?" Makeke akanong'ona. "Zamani nikiwaona wale wanacheza, nilijua hakuna adui."

Konokono alicheka hadi akaachia kioo.

Siku ya nne Bi Zamzam aliona Makeke amekonda, akawarudisha visamaki. Makeke akatoka mbio, kifua mbele.

"Nani kawaruhusu kurudi?"

"Tuondoke, mjomba?" akauliza mdogo wao.

Makeke akakizunguka chungu mara mbili, kama mwenye shughuli nyingi.

"Sijasema hivyo," akajibu. "Chezeni. Lakini chezeni hapa mlangoni, niwaone."