Bonge la Udongo la Akina McCreary

Siku ya nne ya kupekua hati za ardhi za enzi za ukoloni, Isobel McCreary alipata alichokuwa akikitafuta. Mzee Gault, mtunza nyaraka, alimletea kisanduku chenye hati ya shamba la kwanza la mababu wa Isobel waliovuka bahari kutoka Ulster. Juu ya hati palikuwa na bonge kavu la udongo, limechomekwa kijiti.

"Zamani karatasi haikutosha," mzee alisema. "Muuzaji alikukabidhi udongo wa shamba mkononi, na kijiti chake. Hapo ndipo lilipokuwa lako. Wewe soma tu, mama, usiguse."

Nyuma ya hati waliorodheshwa waliopokea, baba, mwana, mjukuu. Chini ya jina la Andrew, wa mwisho, paliandikwa kwamba wanawe walihama, hakubaki wa kukabidhiwa.

Isobel aliwaonea huruma. Mzee alipogeuka kufungua dirisha, yeye alilichukua lile bonge akaliweka kiganjani. Lilikuwa bichi na zito, kama lililochimbwa asubuhi ile. Kijiti kilikuwa kimechipua.

"Mzee, mbona limelowa? Hebu lishike."

Mzee Gault aliificha mikono yake nyuma, akarudi kinyumenyume hadi ukutani.

"Mimi sikukupa," alisema taratibu. "Nani amekukabidhi?"

Isobel alitazama kiganja chake. Udongo ulikuwa umebonyea kwa vidole vinne vipana, visivyo vyake, na mashimo yake yalikuwa yakijaa tena, moja baada ya jingine, kama mkono unaoachia.