Matawi ya Nungunungu

Zamani, si zamani sana, barabara kuu ilipasua msitu wa vilimani, na Nungunungu akazika ndugu wengi. Mwishowe akagundua kwamba madereva wakiona matawi mabichi juu ya lami, hujua mbele kuna gari bovu, wakapunguza mwendo. Basi kila jioni akayatandaza, wanyama wakavuka kwenda mtoni.

Siku moja Pongo, mlafi asiye na soni, alibaki nyuma akitafuna.

"Wee Pongo, hayo ndiyo yanayotulinda!" Nungunungu akamkemea.

"Bwana wee, majani ni majani."

Akayamaliza. Wakati wa kurudi, lori lilikuja kasi, likaondoka na mkia wa Pongo.

Kesho yake Pongo alifika wa kwanza, matawi mdomoni, uso umemkunjamana. Alikuwa amechuma mwarobaini, maana alijijua.