Tuko Pamoja

"Tuko pamoja?" mwalimu wa Kemia aliuliza, uso ubaoni.

"Tuko pamoja," darasa likaitikia, na Lamya akajisikia akidanganya pamoja nao.

Asipofaulu Kemia, chuo cha uuguzi hakimpokei. Darasa hili la tuisheni, hapa Kanyenye, ni jirani na dukani kwao. Lile la Ntalikwa liko mbali, na njia ni mchanga wa kusukuma baiskeli, lakini mwalimu wa kule humwinamia mtu na kumuuliza, "Nimekuacha wapi?"

Chini ya dawati miguu yake haikutulia. Aliutazama upindo wa baibui lake. Grisi ya mnyororo, ya safari ya juzi ya kwenda kulijaribu la Ntalikwa, ilikuwa bado imeng'ang'ania, ingawa mama yake aliifikicha akinung'unika.

"Tuko pamoja?"

Lamya akasimama. "Mimi umeniacha, mwalimu," akasema, na ufunguo wa baiskeli ulikuwa tayari mkononi.